Jaribio Limegoma: Mwongozo wa Kutafuta Kosa Katika Sayansi ya Likizo Nyumbani

Kila likizo ya kiangazi malalamiko ni yaleyale. Volkano imetoa povu kidogo ikanyamaza. Malimau hayajawasha taa. Fuwele hazijaota, maharagwe yameoza kwenye pamba, na mtoto anakutazama akisubiri jibu. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili. Tafuta kile unachokiona mezani, anza na sababu iliyotajwa mwanzo kwa kuwa ndiyo hutokea mara nyingi zaidi, kisha shuka mpaka ulipate kosa.

Kuna kanuni moja ya kushika kabla ya zote: badili kitu kimoja tu kila unapojaribu tena. Ukiongeza siki, ukabadili chupa na ukapasha maji kwa mpigo mmoja, hata jaribio likikubali hamtajua kilicholiponya. Nakuomba pia usilirekebishe kwa siri mtoto akiwa amelala. Muulize kwanza yeye anadhani kumeharibika nini, kisha mwache ahakikishe kwa mikono yake. Watoto wengi hukumbuka kosa walilolifichua wenyewe muda mrefu baada ya kulisahau povu.

Mambo yasiyo na mjadala ni haya: maji ya moto na jiko ni kazi ya mtu mzima, umeme wa ukutani hauingii katika jaribio lolote la hapa, na dawa za usafi hazichanganywi kamwe, si kwa udadisi wala kwa bahati mbaya.

## Volkano haitoi povu, au inachuruzika tu

Sababu inayoongoza ni poda isiyo sahihi. Bekingi soda na bekingi poda hufanana kwa sura, lakini bekingi poda ni soda iliyokwisha kuchanganywa na asidi kavu pamoja na wanga, kwa hiyo nguvu yake mbele ya siki ni ndogo. Kuzitofautisha ni rahisi. Tia kijiko kidogo cha poda kwenye maji ya uvuguvugu yasiyo na kitu kingine. Ikitoa mapovu, hiyo ni bekingi poda. Bekingi soda ikikutana na maji matupu hutulia, lakini ukiidondoshea siki huchemka papo hapo.

Poda ikiwa ni yenyewe, tazama kipimo. Siki ya kawaida ya asilimia 5 ina asidi chache: mililita 100 humaliza takriban gramu 7 za bekingi soda, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Anayemimina nusu kikombe cha soda juu ya siki kidogo hubaki na tope jeupe chini ya chupa na volkano iliyokufa. Mlipuko ukinyamaza, ongeza siki kidogo. Ukianza tena, soda ilikuwa imezidi. Ukikaa kimya, basi ongeza soda. Jaribu hili na mtoto. Ni somo zima la kemia kuhusu kitu kinachoisha kwanza.

Wakati mwingine gesi inatoka vizuri ila povu halipandi. Kabonidayoksaidi haionekani, na bila kitu cha kuikamata hupotea hewani. Matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, yakitiwa kwenye siki kabla ya soda, huishika gesi ndani ya viputo. Chombo chenye mdomo mpana nacho hutawanya povu kabla halijapanda, kwa hiyo tumia chupa yenye shingo nyembamba. Mwisho kabisa, siki iliyotoka kwenye friji huenda polepole. Iache ifikie joto la chumba.

Mwambie mtoto aguse chupa baada ya mlipuko. Ataikuta imepoa, kwa kuwa mmenyuko huu hunyonya joto badala ya kulitoa. Wengi hutarajia kinyume.

Simama hapa: usifunge chupa yenye mchanganyiko huu, hata kwa sekunde chache ili "kuongeza nguvu". Gesi huendelea kuzaliwa ndani na chupa inaweza kupasuka. Ukiikuta imefungwa na imevimba, waondoe watoto na usiishike.

## Puto la hamira halijai

Hapa maji ndiyo mshukiwa wa kwanza. Hamira ni viumbe hai. Maji ya nyuzi 37 hadi 43 za Selsiasi huiamsha, maji baridi huiacha imelala, na ya nyuzi 60 huiua. Kwenye kifundo cha mkono, maji sahihi yanahisika kama ya kumwogeshea mtoto mchanga, labda moto kidogo zaidi. Kama uliyachemsha ukatia hamira papo hapo, usihangaike kusubiri, anza upya.

Kisha kagua hamira yenyewe. Koroga kijiko cha chai cha hamira na sukari kidogo katika maji vuguvugu ndani ya kikombe. Baada ya dakika 10 kunapaswa kuwa na tabaka la povu na harufu ya mkate. Pasipo povu, hamira imekufa kwenye pakiti.

Povu likiwapo na puto bado limelegea, gesi inavuja shingoni. Funga kwa mpira mkazo, kisha upake maji ya sabuni kwenye ungio uone mahali viputo vinapotokea. Na puto jipya lipulizwe mara mbili au tatu kabla ya kuvalishwa, maana mpira mgumu hushinda shinikizo dogo la hamira. Lipe puto dakika 30 hadi 60. Jaribio hili ni la wavumilivu.

## Taa haiwaki kwenye betri ya malimau

Hakuna jaribio linalowakatisha watu tamaa kama hili, na ndiyo maana nitakaa nalo zaidi. Karibu kila mara vifaa ni vizima, ila hesabu imekosewa.

Limau moja lenye kipande cha shaba upande mmoja na msumari uliopakwa zinki upande wa pili hutoa takriban volti 0.9. Taa ndogo nyekundu ya LED huhitaji kama volti 1.8 hadi 2. Kwa hiyo limau moja halitawasha, na mawili yatakuwa yanabahatisha. Unganisha matatu au manne mfululizo: shaba ya limau la kwanza iende kwenye msumari wa limau la pili, shaba ya pili kwenye msumari wa tatu, hivyo hivyo mpaka mwisho. Miisho miwili inayobaki ndiyo ya taa. Usianze na LED ya bluu au nyeupe, hizo hudai karibu volti 3.

Malimau yakitosha na giza likabaki, geuza taa. LED hupitisha umeme upande mmoja tu. Mguu mrefu ni chanya na unakwenda upande wa shaba. Kwa volti hizi ndogo haitaungua ukikosea, basi mwache mtoto ajaribu pande zote mbili.

Angalia pia ni taa ya aina gani. Balbu ndogo ya tochi ya zamani, ile yenye waya unaong'aa ndani, hudai mkondo mkubwa mara mamia kuliko limau linavyoweza kutoa. Malimau ya mfululizo huongeza volti, hayaongezi mkondo huo. Hata ukipanga ishirini, haitawaka.

Baada ya hapo ingia kwenye vyuma. Shaba na msumari visigusane ndani ya tunda; acha sentimita 2 au 3 kati yao. Waya wa shaba uliotolewa kwenye mota hupakwa vanishi inayozuia umeme, kwa hiyo kwangua ncha kwa msasa mpaka zing'ae. Msumari wa chuma usio na zinki utatoa volti pungufu. Limau likiwa kavu, libingirishe mezani huku ukilikandamiza ili vifuko vya maji vipasuke ndani bila ganda kuchanika.

Mwenye multimita, kifaa cha kupimia umeme, afanye uchunguzi wa kina. Pima limau mojamoja. Kila moja lisome karibu 0.9, na matatu kwa pamoja karibu 2.7. Limau linalosoma sifuri lina vyuma vinavyogusana au kiungo kilicholegea. Jumla ikiwa ndogo kuliko ilivyopaswa ilhali kila limau ni zima, mojawapo limeunganishwa kinyume na linawapunguzia wenzake. Volti zikiwa sawa na taa haionekani, zima taa za chumba na uzibe mwanga kwa viganja: mwanga wa LED kwenye malimau ni hafifu sana, na mara nyingi ilikuwa inawaka tangu mwanzo mchana kweupe.

Mtoto atakuuliza umeme umetoka wapi. Mjibu kwa ukweli: nguvu inatoka kwenye zinki inayoyeyuka polepole, wala si kwenye limau. Maji ya limau kazi yake ni kupitisha chembe zenye chaji. Alessandro Volta, aliyetangaza betri yake mwaka 1800, hakuhitaji tunda. Alipanga visahani vya metali mbili tofauti na kuvitenganisha kwa vipande vilivyolowa maji ya chumvi. Kiazi kitafanya kazi pia.

Simama hapa: malimau yaliyochomwa misumari yatupwe, yasiliwe wala kukamuliwa juisi, kwa kuwa zinki imeingia ndani. Usijaribu "kusaidia" kwa chaja ya simu wala waya wa ukutani. Na usibadilishe malimau kwa betri bapa za kitufe mahali penye watoto wadogo. Sababu ya onyo hili iko sehemu ya mwisho.

## Fuwele hazioti kwenye uzi

Swali la kwanza: ulitumia chumvi au sukari? Njia zake ni mbili tofauti, na maelekezo mengi huzichanganya.

Mililita 100 za maji ya nyuzi 20 huyeyusha takriban gramu 36 za chumvi. Ukiyapasha mpaka karibu na kuchemka, hufika kama gramu 39 tu. Tofauti ni ndogo mno, kwa hiyo kuyapoza hakutoi fuwele zozote za maana. Fuwele za chumvi huzaliwa maji yanapokauka. Ukifunika chombo kwa mfuniko umezuia jaribio lako mwenyewe. Tumia chombo kipana, funika kwa kitambaa chepesi kuzuia vumbi, weka mahali penye hewa, subiri siku kadhaa. Sukari ni kinyume: maji hayohayo hubeba takriban gramu 200 yakiwa na nyuzi 20, na zaidi ya gramu 450 yakikaribia kuchemka. Yakipoa, sukari iliyozidi hutafuta pa kukaa. Hapo ndipo uzi unapopata kazi.

Kwa vyote viwili, kosa la kawaida ni maji yasiyoshiba. Endelea kuongeza na kukoroga mpaka chembe zibaki chini bila kuyeyuka, halafu mimina maji ya juu kwenye chombo safi. Kinachofuata ni uzi mtupu. Uzi laini wa nailoni hauna pa kushikia. Chukua wa pamba au kijiti cha mbao, kilowanishe, kibingirishe kwenye sukari, na ukikaushe kabisa, hata usiku mzima. Kikitumbukizwa kibichi, mbegu zote huanguka chini na fuwele huota huko.

Halafu kuna haraka. Sukari huhitaji wiki moja hivi. Mtoto anayenyanyua uzi kila saa kuuangalia anavunja fuwele changa, basi mpe kazi nyingine: achore anachokiona kupitia kioo kila asubuhi, bila kugusa.

Fuwele zikiganda chini ya chombo na si kwenye uzi, huenda uzi unagusa ukuta au maji yalipozwa ghafla. Rudisha vyote kwenye sufuria, pasha mpaka viyeyuke, chuja kwa kitambaa, anza tena na uache yapoe taratibu. Ukitokea utando mgumu juu, uvunje polepole kwa kijiko ili maji yaendelee kukauka. Maji ya chumvi yenye ukungu mweupe kwa kawaida yana viungio vinavyozuia chumvi isigandamane; yaache yatulie usiku kucha na utumie ya juu tu.

Fuwele za chumvi zikipatikana, mpe mtoto lenzi ya kukuzia ahesabu pande. Ataona vijisanduku vyenye kona za mraba, kwa kuwa sodiamu na klorini hujipanga hivyo hivyo ndani kusikoonekana. Mimi naiona hii kuwa zawadi kubwa kuliko pipi ya sukari.

Simama hapa: shira ya sukari iliyochemka hunata kwenye ngozi na kuendelea kuunguza, hivyo huumiza kuliko maji ya moto. Mtoto akae mbali mpaka ipoe. Usiimimine kwenye chupa baridi ya kioo. Kioo kikitoa ufa, tupa vyote pamoja na sukari. Hakuna kuchuja vipande vya kioo.

## Puto halivuti nywele wala karatasi

Tatizo ni hewa. Umeme tuli hukaa juu ya vitu vikavu. Unyevu ukiwa mwingi, chaji huvuja kabla hujainua mkono. Baada ya mvua, au siku ambayo nguo hazikauki kwenye kamba, usipoteze muda. Subiri saa kavu, au hamia chumba chenye kiyoyozi, maana kiyoyozi hukausha hewa.

Hewa ikiwa kavu, angalia nywele. Zenye mafuta au jasho hazifai. Sugua puto kwenye sweta safi ya sufu. Futa puto lenyewe pia, kwani viganja vya kiangazi vina jasho. Vipande vya karatasi viwe vidogo kuliko ukucha. Ukijaribu kupinda maji ya bomba kwa kitana, mkondo uwe mwembamba kama uzi, na kitana kisiloane. Kikiguswa na tone moja, kikaushe na usugue upya.

## Upinde wa mvua hautokei kwenye maji ya mpira

Hili ni jaribio bora kuliko yote ya siku za joto, na linagoma kwa sababu ya saa. Watu hulifanya adhuhuri, wakati joto limewatoa nje, na hiyo ndiyo saa mbaya kuliko zote.

Upinde hutokea kwenye duara lililo nyuzi 42 za pembe kutoka sehemu iliyo mkabala na jua. Sehemu hiyo si ya kukisia: ni pale kinapoangukia kivuli cha kichwa chako. Jua likiwa juu sana, kivuli kiko miguuni na duara lote linaangukia chini, ardhini. Kipimo cha kukumbuka ni kivuli chenyewe. Kikiwa kirefu kuliko wewe, jua limeshuka vya kutosha na upinde unaweza kuonekana mbele yako. Kikiwa kifupi, ngoja jioni au amka asubuhi, au elekeza maji chini karibu na miguu na utazame huko.

Saa ikiwa sahihi, hakikisha jua liko mgongoni. Nyosha mkono mbele, tandaza vidole: kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni kama nyuzi 20. Shibiri mbili hivi kutoka kwenye kivuli cha kichwa ndipo pa kutazama. Kisha punguza matone. Maji yanayotoka kwa mkondo mnene hayasaidii. Ziba mdomo wa mpira kwa kidole mpaka yawe manyunyu. Simama mahali ambapo nyuma ya maji kuna kitu cheusi, kama ua au ukuta wenye kivuli.

Watoto wawili wakisimama pamoja, waambie kila mmoja anaona upinde wake. Kila jicho lina duara lake, kwa kuwa kila kichwa kina kivuli chake. Ndiyo maana hawawezi kuukimbilia na kuukamata.

Wasitazame jua moja kwa moja hata kupitia manyunyu. Na mpira ulioachwa juani hubeba maji ya moto ya kuunguza. Yaache yamwagike kwanza.

## Aiskrimu ya mfukoni inabaki maji

Barafu peke yake hukaa nyuzi 0, na maziwa yenye sukari huganda chini ya hapo. Asiyetia chumvi ya kutosha atatikisa mpaka mikono iume. Chumvi huiyeyusha barafu, kuyeyuka huko hunyonya joto, na mchanganyiko unashuka chini ya sifuri; kikomo chake ni karibu nyuzi 21 chini ya sifuri, ingawa mfukoni hamtafika huko. Tia nusu kikombe cha chumvi kwa vikombe vinne vya barafu iliyopondwa.

Chumvi ikiwa sawa, maziwa yamezidi. Nusu kikombe kwa mfuko mmoja yanatosha. Sukari nyingi nayo huchelewesha kuganda. Kisha tikiseni bila kupumzika kwa dakika 8 hadi 10. Aiskrimu yenye ladha ya chumvi imeingiliwa: tumia mifuko miwili ya ndani badala ya mmoja, na usuuze nje yake kabla ya kufungua.

Mfuko huo una baridi kuliko barafu. Ufungwe kwa taulo wakati wote. Ngozi ikiwa nyeupe na kufa ganzi, acheni, muipashe kwa maji vuguvugu bila kuisugua. Hisia zisiporudi, nendeni kwa daktari.

## Maharagwe hayachipui, au yamechipua yakaharibika

Maji yaliyozidi ndiyo kisa kikubwa. Mbegu hupumua. Pamba inayoelea ndani ya maji huinyima hewa, nayo huoza na kunuka. Pamba iwe na unyevu tu. Ukiikamua, yasitoke zaidi ya tone moja au mawili. Dalili zikiwa kinyume, mbegu ngumu na iliyokunjamana, maji yamepungua.

Halafu pima umri wa mbegu. Funga mbegu 10 ndani ya kitambaa chenye unyevu, ziweke mahali pa joto la kawaida, hesabu baada ya wiki. Zikichipua mbili tu, kosa si la mtoto. Maharagwe mazima huonyesha mzizi baada ya siku 3 hadi 7.

Mche mrefu, mwembamba, wa rangi ya njano umenyimwa mwanga. Kuchipua hakuhitaji mwanga, ila kukua kunauhitaji. Usogeze dirishani na uugeuze kila siku.

Simama hapa: mbegu zenye rangi isiyo ya asili, kama waridi au bluu, zimepakwa dawa ya kuua kuvu. Zisitumike na watoto. Maharagwe mabichi yana sumu inayotapisha, kwa hiyo wasiyatafune. Chombo kilichojaa ukungu kitupwe bila kunusa.

## Madogo ya haraka

Ute wa ajabu, ule unaokuwa mgumu ukipigwa na laini ukiachwa, hautokei kwa unga wa kusonga wala wa ngano. Huhitaji wanga safi wa mahindi, vikombe viwili kwa kikombe kimoja cha maji. Ukiwa mwepesi, ongeza wanga. Usiumwage kwenye sinki, unaziba mabomba.

Yai halielei kwenye maji ya chumvi? Nusu lita huhitaji vijiko vikubwa 4 hadi 6, na wengi huishia viwili. Linaloelea kwenye maji matupu ni la zamani, limejaa hewa ndani, tafuta jingine.

Ganda la yai haliyeyuki kwenye siki? Badili siki baada ya saa 24 na ulikandamize yai lizame. Baada ya siku mbili ganda litakuwa limekwisha. Mikono ioshwe kwa sabuni, kwa sababu yai bado ni bichi.

Mafuta hayashiki rangi? Rangi ya chakula huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Tia rangi kwenye tabaka la maji.

## Dalili zinapokuwa za mtoto, si za jaribio

Hapa hakuna kuchunguza sababu kwanza.

Mtoto akimeza betri ya kitufe, au ukishuku tu kwamba amemeza, nenda hospitali mara moja. Usimtapishe. Ikikwama kwenye umio inaweza kuunguza ndani kwa muda wa saa mbili, hata kama mtoto anaonekana mzima. Sumaku mbili au zaidi zilizomezwa ni dharura ileile, kwa kuwa huvutana kupitia kuta za utumbo. Shanga za maji zinazovimba nazo huziba utumbo. Zisiwepo kabisa kwenye nyumba yenye watoto wadogo.

Siki, ndimu au chumvi ikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20 huku kope zikiwa wazi. Maumivu au wekundu ukibaki, mwone daktari. Ikiwa ni dawa ya usafi, osha vivyo hivyo kisha nenda hospitali bila kungoja kuona kama atapona.

Ameungua: maji baridi ya bomba kwa dakika 20. Hakuna dawa ya meno, mafuta wala barafu. Kidonda kikubwa kuliko kiganja cha mtoto, au kilicho usoni, mkononi au kwenye kiungo, ni cha daktari.

Mtu akichanganya dawa ya klorini ya kung'arisha nguo na siki, limau au dawa nyingine ya usafi, na harufu kali ikachoma pua, usibaki kusafisha. Watoeni wote nje kwenye hewa safi, fungua milango ikiwa ni njiani, na utafute msaada wa daktari kwa yeyote anayekohoa au kubanwa kifua.